Mwanangu, ghala la risasi na hazina ya mama yako

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Juzi uliponipigia kutoka kambini uliniuliza: kwa nini Waingereza wanakiita kile kisanduku cha risasi cha bunduki "magazine", jina lilelile la jarida la kusoma? Nikakuambia nitakuandikia, maana jibu lake halikutosha kwenye salio lako.

Watu hudhani ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati. Kumbe ni moja, na asili yake ni Uarabuni. Waarabu huita ghala "makhzan", na yakiwa mengi ni "makhazin". Waitaliano wakalichukua likawa "magazzino", Wafaransa "magasin", ambalo kwao siku hizi ni duka hasa. Lilipoingia Uingereza katika karne ya 16 lilikuwa bado ghala, kisha likaelemea kwenye ghala la baruti na silaha. Hicho unachopachika kwenye bunduki kila asubuhi ni ghala pia, ila dogo.

Jarida lilipita njia yake. Mwaka 1731 mchapaji wa London, Edward Cave, alianzisha The Gentleman's Magazine, la kila mwezi. Alikuwa akikusanya makala zilizokwisha kutoka kwenye magazeti ili zisipotee, kwa hiyo akaliita ghala. Wengine wakaiga jina, hadi wasomaji wakasahau kuwa ni ghala.

Lakini lililonifanya niweke kamusi chini nikae kimya ni hili: mzizi uleule wa Kiarabu, wa kuweka akiba, ndio uliotupa sisi "hazina". Na kwenye hazina ndiko alikotoka mhazini. Mwanangu, miaka sita mimi ni mhazini wa kikundi chetu. Nalala na lile sanduku la kufuli tatu chumbani, funguo ziko kwa akina mama watatu, na siku zote hizo sikujua kwamba cheo changu na hicho chombo chako cha jeshini ni ndugu wa tumbo moja.

Jumamosi kikaoni, kabla hatujafungua sanduku, nitawasimulia wenzangu. Nitawaambia ni wewe uliyeuliza.

Mama yako