Kabla hamjauza kile kiwanja cha Kisauni

Dada, sauti zako zote saba nimezisikiliza kwenye basi nikitoka kazini, na ile ya shemeji nimeirudia mara mbili. Nilivyoelewa, kuna bwana alimwona kijana wenu akifanya mazoezi pale Makande, akampima urefu kwa macho, kisha akaja nyumbani na habari kwamba shule moja ya Kikatoliki huku Maryland inamtaka kwa ajili ya mpira wa kikapu. Karo bure, malazi bure, miaka miwili tu, kisha chuo kikuu. Kinachotakiwa kwanza ni shilingi laki tatu na nusu za "kufungulia faili", na nyingine zitafuata, ndiyo maana kiwanja cha Kisauni kimeingia kwenye mazungumzo. Mnataka niseme kama ni kweli au ni utapeli.

Shule za namna hiyo ni za kweli. Huyo bwana nitamfikia.

Hapa Hyattsville ninapokaa kuna DeMatha, shule ya wavulana ya mapadre wa Utatu Mtakatifu. Ukiipita barabarani huwezi kujua kama ina jina kubwa hivyo. Kocha wao Morgan Wootten alikaa pale tangu 1956 hadi 2002, akashinda mechi 1,274. Mwaka 1965 vijana wake waliifunga 46 kwa 43 Power Memorial ya New York, shule nyingine ya Kikatoliki iliyokuwa imeshinda mechi 71 mfululizo ikiwa na yule kijana mrefu ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Kareem Abdul-Jabbar. Mzee ninayemuuguza usiku huniapia kwamba alikuwepo uwanjani siku hiyo. Kila mzee wa hapa alikuwepo.

Watu hudhani shule za Kikatoliki huwachukua watoto wetu kwa sababu ya dini au huruma. Sababu kubwa ni sheria ya viza. Mgeni haruhusiwi kusoma sekondari ya serikali kwa viza ya mwanafunzi zaidi ya miezi 12, na hiyo miezi yenyewe lazima alipe gharama yote, hakuna kusamehewa hata senti. Shule ya binafsi haina kikomo hicho, na ikitaka kumfutia mtoto karo inamfutia. Basi kocha akitamani kijana wa futi sita na inchi saba kutoka ng'ambo, mlango ni huo mmoja. Na mijini, shule za binafsi zenye jina kwenye kikapu na wazee waliosoma pale wanaotoa michango, nyingi ni za Wakatoliki. Karo zake upande huu wa Washington zinapita dola 20,000 kwa mwaka. Anayekusamehe fedha hizo kuna kitu anakitarajia, na anakitarajia Desemba hii, si baada ya mtoto kukomaa.

Vikombe navyo havilishi shule. Power Memorial ilifungwa 1984. St. Anthony ya Jersey City, ya kocha Bob Hurley, ilitwaa ubingwa wa jimbo mara 28 bila hata kuwa na ukumbi wake wa kuchezea, na mwaka 2017 ikafungwa kwa kukosa fedha. Wachezaji waliobaki wakatafuta pa kwenda.

Najua shemeji atanitajia waliofanikiwa, na wapo, tena wa lugha yetu. Hasheem Thabeet wa Dar alipitia shule ya Kikristo huko Houston, ingawa si ya Kikatoliki, na mwaka 2009 alichaguliwa wa pili nchi nzima kuingia NBA, ligi kuu ya kikapu ya kulipwa ya huku. Jonathan Kuminga wa Goma alihamishwa shule tatu katika majimbo matatu, na 2021 akachaguliwa wa saba. Mimi ninayemfikiria zaidi ni Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi. Huyo alisoma Kennedy Catholic, kishule kidogo cha Hermitage, Pennsylvania, wakachukua ubingwa wa jimbo 2019. Akaenda chuo, na 2022 akiwa chuo cha Kentucky akawa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. Halafu 2023 wakasoma majina 58 ya wanaochaguliwa NBA, lake halimo. Aliingia baadaye kwa mlango wa nyuma, kwa mkataba mdogo wa timu ya Indiana. Huyo ndiye aliyekuwa bora kuliko wote, dada. Tena wenzake walipoanza kulipwa kwa matangazo wakiwa chuoni, yeye viza ya mwanafunzi ilimzuia kufanya kazi hiyo ndani ya Marekani, ikabidi aifanye timu ilipokwenda Bahamas.

Mimi nimekaa na mmoja asiyeandikwa popote. Hamkujua kwa sababu sikuwaambia. Alikuwa Mkongomani wa mashariki, miaka 17, na shule yake, ambayo jina naliacha, ilitafuta nyumba yenye Kiswahili, mtu akanitaja. Kitanda cha wageni kilimwishia kwenye mashavu ya miguu. Tukasogeza stuli ya jikoni miguuni, tukaweka mto juu yake, na hivyo ndivyo alivyolala miezi saba. Viatu vyake vilikaa mlangoni kama mitumbwi miwili. Siku ya kwanza alisimama mbele ya friji akasema, "Niko nasikia njala," nikasonga ugali wa kunitosha mimi siku mbili, akaumaliza huku akinisimulia habari za mamake.

Shule ilimpa karo na jezi. Koti la baridi sikuambiwa ni jukumu la nani, nikanunua mimi. Januari jino likamuuma, bima ya shule haikuwa na meno, nikalipa mimi. Silalamiki, alikuwa mtoto mwema, ila muelewe kwamba "malazi bure" maana yake kuna mtu fulani analipa, na mtu huyo anaweza kuchoka. Mamake alikuwa akipiga simu saa tisa usiku kwa kukosea hesabu ya saa, nami ndiye niliyepokea, maana yeye akilala amelala.

Mwezi wa tano kocha aliyemleta alipata kazi penye mshahara mzuri zaidi, akaondoka. Kocha mpya akaja na vijana wake. Mwezi wa sita ikaja barua ya mistari michache kwamba ufadhili hautaendelea. Kijana Kiingereza alikuwa anakisoma vizuri kabisa, lakini aliniletea mezani akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akauliza kama wamekosea jina.

Tulihangaika kiangazi chote kumtafutia shule nyingine ya kupokea karatasi zake kabla Agosti haijaisha, maana bila shule viza haina maana. Ikapatikana, jimbo lingine, na kanuni za huko zikamkalisha mwaka mzima bila kucheza kwa sababu amehama. Leo yuko chuo cha miaka miwili Kansas, anaingia uwanjani dakika chache, anasomea uhasibu, na ana mchumba. Kwangu mimi huyo amefaulu. Kwa yule dalali aliyemtoa kwao, sijui anamhesabu vipi.

Mama ameuliza swali moja tu, kama watambatiza. Hapana, Mama. Atakaa kwenye somo la dini yao kila mwaka kama wenzake wote, na siku za misa ataingia kanisani aketi kimya. Wavulana Waislamu katika shule hizi wapo. Tabu itakuwa Ramadhani, ambayo miaka hii inaangukia Februari na Machi, wakati hasa wa michezo ya kuwania ubingwa. Kocha mwenye adabu atapanga naye, asiye na adabu atamuuliza kama hawezi kufunga mwezi mwingine. Nyama ya nguruwe ipo kantini. Lakini Ijumaa za Kwaresima hata wao hawali nyama, kwa hiyo siku hizo Mama asiwe na wasiwasi kabisa.

Shemeji, lile wazo la kumpunguza miaka miwili kwenye cheti cha kuzaliwa naomba life leo. Najua nani kalileta. Ni kweli majimbo mengi humzuia mchezaji aliyefikisha miaka 19 kabla ya mwaka wa masomo kuanza. Lakini ubalozi ukigundua umedanganya, mtoto anaweza kufungiwa Marekani maisha yake yote. Tena kudanganya hakumsaidii, kwa sababu vyuo havihesabu umri peke yake. Saa ya masomo ilianza kwenda siku alipoingia kidato cha kwanza: ana miaka minne kutoka hapo kukamilisha masomo 16 ya msingi yanayotakiwa na vyuo vya daraja la kwanza la michezo. Kijana yuko kidato cha tatu. Akiletwa huku akarudishwa darasa la kumi, ambalo ni sawa na kidato cha pili, ili apate msimu wa ziada wa kucheza, shule itafaidi msimu huo, na masomo atakayosoma muda wake ukishapita anaweza asihesabiwe. Swali hilo muulizeni yule bwana, mumtazame usoni anavyojibu: anakuja darasa la ngapi, na nani ameyaona matokeo yake?

Na hizo laki tatu na nusu msitume. Shule ikimtaka mwanafunzi wa nje inatoa yenyewe fomu iitwayo I-20, yenye jina lake na namba yake. Baada ya hapo kuna dola 350 za kumsajili kwenye mfumo wao na dola 185 za ombi la viza, na zote huenda kwa serikali ya Marekani, haziendi M-Pesa ya mtu. Hakuna faili.

Mimi sijakataa asije. Chumba kipo, na stuli ipo. Nitumieni matokeo yake ya tangu kidato cha kwanza, hata yale mabaya ya hesabu aliyoyaficha. Video za kudanki ninazo za kutosha. Mpimeni bila viatu, ukutani, shemeji ashike rula. Niandikieni jina kamili la hiyo shule, nitapanda basi niende mwenyewe nikaulize ofisini kama wanamjua. Niko zamu ya usiku mpaka Alhamisi, kwa hiyo nipigieni Ijumaa jioni ya huko, baada ya Magharibi, na kijana awepo. Nataka kumsikia yeye mwenyewe. Katika sauti zote nane hamna yake.