Usikimbilie Kununua Giaboksi Nyingine

Barua za wiki hii karibu zote ni za gia, na nyingi zina sentensi ileile: "Fundi amesema giaboksi imekufa." Zimeniuma. Nimeshafungua giaboksi nyingi zilizokwisha kuhukumiwa, nikakuta ndani hazina tatizo lolote.

Shikamoo fundi. Nina Toyota Ist ya 2004, otomatiki. Asubuhi nikiweka D linatulia kama sekunde tatu, halafu linaondoka kwa kishindo. Fundi wa mtaani kwetu Tabata anataka tukatafute giaboksi ya mtumba Kariakoo. Nikubali?

Marahaba mwanangu. Usikubali kwanza. Sekunde hizo tatu pampu ya giaboksi inahangaika kupandisha presha ya oili, na presha hiyo ndiyo inayobana klachi za ndani, yaani sahani zinazopeleka nguvu kwenye gia. Kwa hiyo anza na oili. Endesha gari hadi lipate joto sawasawa, simama pahali tambarare, injini ikiendelea kuunguruma. Kanyaga breki, pitisha gia taratibu kutoka P hadi ya mwisho, rudisha P, ndipo uchomoe kijiti cha kupimia oili ya gia, ukifute, ukirudishe na kukichomoa tena. Oili ifike kwenye alama ya HOT. Wengi hupima injini ikiwa imezimwa, kama wanavyopima oili ya injini, wakadanganyika.

Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Likiwa jekundu, au la kahawia isiyokolea, shukuru. Likiwa jeusi na linanuka kuungua, klachi zimeanza kulika. Likiwa la waridi, kama maziwa yaliyotiwa stroberi, zima gari na usiliendeshe tena: maji ya rejeta yameingia kwenye giaboksi, kwa sababu oili ya gia hupozwa ndani ya rejeta hiyohiyo. Hapo ukibadili giaboksi ukaiacha rejeta, utaiua na hiyo nyingine.

Ist yako inatumia oili ya Toyota T-IV. Ikiwa imepungua, ongeza, kisha tafuta inakovujia. Ikiwa imechoka, mwaga ya kwenye sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi), safisha chujio, jaza, tembelea siku chache, umwage tena, maana nyingi hubaki ndani ya torki konveta, kile kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, na mara moja haitoshi. Mashine za kusukuma oili kwa presha sizipendi kwa giaboksi iliyozeeka. Uchafu uliolala chini hunyanyuka ukaziba njia nyembamba za valvu.

Kishindo nacho kitazame peke yake. Fungua boneti, mtu akanyage breki kwa nguvu huku akihamisha gia kutoka D kwenda R, wewe ukiwa umesimama ubavuni, kamwe si mbele ya gari. Injini ikiruka kama inataka kutoka, maunti, yaani raba zinazoishikilia injini, zimekatika, na maunti si giaboksi. Mwisho, ukiona taa ya O/D OFF kwenye dashibodi inawaka na kuzima yenyewe, kompyuta ya gari imehifadhi kosa. Lipimwe kabla mtu hajashika spana. Huenda ni solenoidi moja tu, yaani valvu ndogo ya umeme inayoongoza oili.

Nina Nissan X-Trail ya 2009. Baada ya kumwagiwa oili mpya ya gia linalia kama mluzi na kutetemeka likianza kuondoka. Tatizo nini?

Muulize aliyekumwagia alitia oili gani. Gari lako lina CVT, ambayo haina gia za kupanda moja moja. Ndani yake kuna mkanda wa chuma unaobanwa na puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili chuma kishike chuma bila kuteleza. Inatakiwa oili ya Nissan iitwayo NS-2. Ukitia ile nyekundu ya otomatiki za kawaida, mkanda unateleza na kukwangua puli. Imwagwe leo. Kama kwenye sampu kuna vumbi jepesi la chuma lililoshika sumaku, bado kuna matumaini. Kama kuna vipande vinavyong'aa, ukweli ni kwamba hapo sasa tuzungumze giaboksi nyingine.

Naishi Mbeya. Kati ya Ist ya 1.3 na ya 1.5, ipi inavuta? Rafiki yangu anasema ni kitu kimoja.

Si kitu kimoja, hasa kwenu. Injini ya 1.3 inatoa takriban nguvu za farasi 87, ya 1.5 takriban 110. Lakini hesabu hizo ni za usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa inakuwa nyepesi. Mbeya iko kama mita 1,700. Ile ya 1.5 inabaki na nguvu za farasi kama 91, yaani zaidi kidogo tu ya 1.3 ikiwa Dar es Salaam, na ya 1.3 inabaki na 72 hivi. Ukiwa na abiria wanne na mizigo, umekwama nyuma ya lori mlimani, tofauti hiyo ndiyo usalama wako. Chukua ya 1.5.

Ukizijaribu, zijaribu barabara moja, siku moja, upepo wa matairi sawa, idadi ya watu sawa. Na ikiwa moja imelegea sana, usiilaumu giaboksi papo hapo. Mshale wa RPM ukipanda na spidi haipandi, gia zinateleza. Vyote viwili vikiwa vizito kupanda, tazama injini: plagi, koili, filta ya hewa, sailensa iliyoziba.

Corolla yangu ya manyo (gia za mkono) inagoma kuingia gia ikiwa imewaka. Nikizima, gia zote zinaingia laini.

Giaboksi yako nzima, kaka. Klachi haiachi, yaani haiitenganishi injini na gia ukikanyaga pedali. Angalia kwanza pampu za hydroliki za klachi, ya juu kwenye pedali na ya chini kwenye giaboksi, kama zinavuja au zimeingia hewa.

Nikishuka Kitonga naweka frii ili nisile mafuta. Kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa. Gari la injeksheni likishuka ndani ya gia, mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta, kompyuta hukata mafuta kabisa. Ukiweka frii injini inalazimika kunyunyiziwa ili isizimike, kwa hiyo unakula zaidi. Tena uzito wote unaubebesha breki, nazo zikipata moto kupita kiasi hazishiki. Kwa otomatiki shuka na 2 au L, kwa manyo tumia gia ileile ambayo ungepandia, na uiweke kabla mteremko haujaanza.