Kaka yangu ana digrii, mbona anaamini chanjo ni njama?

SWALI: Shikamoo dokta. Niko Kibaigwa. Kaka yangu mkubwa ni mwalimu, digrii anayo, ila amegoma binti yake asipate ile chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, eti wazungu wanataka kutufunga vizazi. Nimemtumia mpaka maelezo ya wizara, akanijibu na wizara nao wamo. Kitaalamu inakuwaje msomi anafika huko?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hilo la digrii liweke pembeni kidogo, elimu inapunguza haya mambo ila haiyazuii, na mtu mwenye kichwa chepesi ndo anajua zaidi kutafuta kasoro kwenye kila unachomtumia.

Kinachosukuma sana ni mtu kujiona hana sauti kwenye jambo linalomgusa. Mwaka 2008 watafiti Jennifer Whitson na Adam Galinsky walitoa majaribio yao, watu walifanywa kwanza wajione hawana uwezo wa kubadili chochote, halafu wakaonyeshwa picha za chenga tupu, wakaanza kuona vitu ambavyo havipo, na visa vya kawaida tu vya ofisini wakaviona vina njama ndani yake. Sasa baba anasikia juujuu kwamba timu inakuja shuleni na sindano, hakuna aliyekaa naye, unadhani atatulia?

Na huwa hawatungi upya, wanachukua hadithi iliyopo. Si unakumbuka Oktoba 2016, Iringa Mvumi hapo Chamwino, watu watatu wa timu ya utafiti wa udongo kutoka Arusha waliuawa na kuchomwa moto, kisa wamedhaniwa wanyonya damu. Habari za mumiani zipo tangu enzi za mkoloni, basi gari geni na watu wanaochota udongo wakaingizwa humo humo.

Hilo la "wizara nao wamo" ndo gumu. Utafiti mmoja wa Uingereza wa 2012 ulikuta kwamba waliokuwa wanaamini Princess Diana aliuawa ndo hao hao walioelekea zaidi kuamini kwamba alijifanya amekufa. Aliuawa halafu yuko hai, inawezekanaje? Kwao wala si shida, cha msingi ni kwamba tunafichwa, kwa hiyo kila anayekanusha anaunganishwa na waficha siri.

Ila usije ukamwambia njama hazipo duniani, utaumbuka. Kule Tuskegee, Marekani, serikali iliwafuatilia wanaume weusi wenye kaswende toka 1932 hadi 1972 bila kuwatibu, hata penisilini ilipokuwepo. Mkubalie hilo kabisa, halafu mwonyeshe ilivyojulikana: mtu aliyewahi kuwa mtumishi wa ndani alipeleka taarifa kwa waandishi, watu wakashika nyaraka. Na hii ya kufunga vizazi inapimika, chanjo imeanza nchi nzima 2018 kwa mabinti wa miaka 14, wengine sa hivi wana watoto wao.

Acha kumrushia linki kwenye grupu la familia, mbele za watu hawezi kurudi nyuma, ni kaka mkubwa yule. Mfuate nyumbani, muulize anaogopa nini hasa kitampata mtoto, halafu kaa kimya usikilize, usimkatishe. Kama kuna nesi anayemwamini hapo kituo cha afya mwombe apite siku moja waongee, ila iwe mapema, si siku sindano ishafika shuleni.