Barua kwa mwanangu: ile karata ya Kifo

Rau, Moshi
Mwezi wa tano

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti wa Jumapili nimeusikiliza mara mbili, maana mara ya kwanza nilikuwa jikoni, sufuria inachemka, nusu yake ikanipita. Nimekuelewa hivi: mwenzako wa ofisini amekupigia karata za taroti, zile za kubashiria, ikatoka ile ya mifupa iliyopanda farasi, na wewe mwisho wa mwezi unaacha kazi uanze biashara yako ya kushona. Umeuliza mambo matatu kwa pumzi moja. Je, ni mkosi? Je, ni dhambi? Na kama ni upuuzi, mbona mama unazo kwenye kabati la vyombo, chini ya vitambaa vya meza?

Kumbe uliziona.

Kwa simu hatutamaliza, na msimu huu wageni hakuna, mvua haikatiki, Kibo sijauona tangu wiki iliyopita. Acha nikuandikie.

Zile karata aliniachia mgeni mmoja, mama wa Kireno, mwaka ule baada ya baba yako kututoka. Alikuwa amepanda mlima kwa njia ya Marangu, kufika kambi ya Horombo, mita 3,720, kichwa na kutapika vikamshinda, waongozaji wakamshusha. Tiketi ya ndege ilikuwa ya baadaye, hivyo alikaa kwetu siku tisa. Kila jioni baada ya chai alitandaza karata mezani pale barazani, peke yake, akiziangalia kama mtu anayesoma barua.

Mimi karata nimekua nazo. Babu yako alifanya kazi bandarini Tanga, na jioni wazee walikaa chini ya mwembe wakigombana juu ya turufu mpaka taa ziwashwe. Basi siku ya pili nikasogea kutazama. Nikaona yenye vikombe, nyingine panga, nyingine fimbo, nyingine sarafu za dhahabu. Mgeni akaanza kunitajia majina yake kwa lugha yao: copas, espadas, paus, ouros. Nikacheka. Nikamwambia, hizo ni kopa, shupaza, pau na uru! Akanyanyua uso: "Nani kakufundisha Kireno?" Hakuna aliyenifundisha. Wareno walipokaa pwani yetu walituachia maneno ya karata, na karata yenyewe ni neno lao. Sisi leo tunaita kopa kitu chenye umbo la moyo, hatujiulizi kwa nini, kumbe mwanzo palikuwa na kikombe hapo.

Ndipo nikaelewa nilichokuwa nakiangalia. Pakiti ile ina karata 78. Hamsini na sita ni hizo za aina nne, kama za babu yako, ila kila aina ina kumi na nne. Zilizobaki, 22, zile zenye Mfalme, Mwezi, Jua, Kifo na wenzake, ni turufu, ukiacha moja tu ya Mjinga. Si kwamba nazifananisha na turufu, ndiyo kazi yake tangu mwanzo. Taroti ilianza kama mchezo huko kaskazini mwa Italia, miaka ya 1440, na turufu hizo waliziita trionfi, neno lile lile ambalo Wareno walilifanya trunfo na sisi tukalifanya turufu. Ufaransa mpaka leo watu wanakaa mezani kucheza taroti kwa pointi, wanabishana na kutuhumiana wizi, hakuna anayeulizia mume.

Kwa hiyo mtu akikuambia hizi ni siri za Misri ya kale, mwambie asubiri kidogo. Habari hiyo aliieneza Mfaransa mmoja, Antoine Court de Gébelin, mwaka 1781. Alitangaza kwamba ndani ya karata mmefichwa kitabu cha makuhani wa Misri. Wakati huo hakukuwa na mtu yeyote Ulaya anayeweza kusoma maandishi ya Misri ya kale, hayo yalikuja kufumbuliwa na Champollion mwaka 1822. Yaani alisimulia kitabu ambacho asingeweza kukisoma. Baada yake tu ndipo akatokea mwingine, aliyejiita Etteilla, akaanza kufundisha watu kubashiri kwa taroti na kuuza pakiti za kazi hiyo. Biashara, mwanangu. Kabla ya hapo zilikuwa zimeshachezwa zaidi ya miaka mia tatu.

Na picha unazoziona, pamoja na hiyo iliyokunyima usingizi, hata si za kale. Zilichorwa London, zikatoka mwaka 1909, na mchoraji ni mwanamke, Pamela Colman Smith, aliyeishi Jamaica alipokuwa mdogo. Alilalamika mwenyewe kwamba kazi ilikuwa kubwa na malipo kidogo. Jina la mchapishaji, Rider, na la bwana aliyemwagiza, Waite, ndiyo yakakaa kwenye boksi, karata zikauzwa dunia nzima, yeye akafa mwaka 1951 bila mali. Wewe unayeanza biashara ya kushona, usiache mtu mwingine aweke lebo yake kwenye mshono wako. Haya, nimetoka nje ya mada.

Karata yako. Nimeitoa kabatini, iko mbele yangu hapa. Mifupa imevaa chuma cheusi, imepanda farasi mweupe, imeshika bendera nyeusi yenye ua jeupe. Mfalme kalala chini, taji limemtoka. Askofu kasimama mbele na mikono yake. Na mtoto mdogo amepiga magoti anaangalia juu, yeye haogopi. Kwa mbali, kati ya minara miwili, kuna jua. Wanaosoma taroti kwa ustaarabu, karibu wote, watakuambia hiyo ni karata ya jambo linalokwisha: kazi, nyumba, tabia, uchumba. Mwenzako kama alikaa kimya akakukodolea macho ilipotoka, alikuwa anafanya sinema. Na ukichanga karata 78 vizuri, kila moja ina nafasi sawa ya kutoka. Haikutafuta wewe.

Sasa utaniuliza, kama ni makaratasi tu, mama unayaweka ya nini?

Unakumbuka fremu ya baba yako kule Mbuyuni, lile duka la vipuri vya pikipiki. Alipofariki niliifunga, na nikaendelea kulipa kodi miezi kumi na minne ya mlango uliofungwa. Nyinyi mliniuliza, nikawa nasema nasubiri bei nzuri. Yule mgeni jioni moja akaniambia nichange nitoe moja. Nikalamba nane ya shupaza. Ni mwanamke amesimama peke yake, kafungwa kitambaa machoni, kamba zimemzunguka mwilini na mikono, na panga nane zimechomekwa ardhini nyuma na kando yake. Nikasubiri anitabirie. Hakutabiri. Akaniuliza tu, "Unaona nini?" Nikatazama, nikatazama, nikasema: miguu yake haijafungwa.

Nikaanza kulia, halafu nikaanza kueleza habari za fremu kwa mtu ambaye hata Mbuyuni hapajui. Nikamwambia nisilowaambia nyinyi, kwamba koti la kazini la baba yako lilikuwa bado kwenye msumari mle ndani, na siku nikirudisha ufunguo nitalazimika kulitoa.

Lakini mimi nawe hatudanganyiki upesi. Kesho yake nikamwomba tujaribu tena, nione kama zinajua kweli. Nikalamba Nyota: mwanamke kapiga magoti kando ya bwawa, ana mitungi miwili, mmoja anaumimina bwawani, mwingine anaumimina chini kwenye udongo. Kitabuni hiyo ni karata ya matumaini. Mimi nikasema papo hapo: huyu ni mimi, na haya maji yanayomwagika chini ni kodi ya fremu. Mgeni akacheka mpaka akashika mbavu. Angenipa karata yoyote siku ile ningemwonyesha fremu ndani yake. Ilikuwa moyoni mwangu, ikatafuta pa kutokea.

Nyumbani kwetu, mtu akikuletea jani la isale kuomba msamaha, si jani lililokuregeza. Ni kwamba yeye anajua linasema nini na wewe unajua. Sikuona karata kuwa na zaidi ya hapo.

Wiki ile ile nilirudisha ufunguo. Koti liko kwangu.

Sasa sehemu ambayo nataka uisome polepole. Karata inayokuuliza habari zako mwenyewe haina shida nami. Ila ikianza kukuambia habari za mwingine, "kuna mwanamke wa karibu anakuonea kijicho", "bosi wako ana jambo", hapo inuka. Hiyo ina jina kwetu, ramli chonganishi, hata ikipigwa ofisini kwenye kiyoyozi na mtu mwenye digrii. Unajua kule Shinyanga na Mwanza bibi wangapi wameuawa kwa sababu mpiga ramli aliwanyooshea kidole, kosa lao macho mekundu ya moshi wa kuni. Inaanzia hapo hapo, kwenye kumtaja mtu ambaye hayupo kujitetea. Na akikuambia una kifungo cha ukoo kinachohitaji kufunguliwa kwa M-Pesa, hilo sihitaji kulieleza.

Wala usishangae kwamba mengine aliyosema "yalikuwa wewe kabisa". Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi 39 maelezo ya tabia, kila mmoja akiamini ni yake binafsi. Wakayapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Wote walikuwa wamepewa karatasi ile ile, na sentensi nyingi alizitoa kwenye kitabu cha nyota cha barabarani. Sisi tuliokuwa tukimgombania mnajimu Sheikh Yahya Hussein gazetini tunajua utamu wake: nyota yangu ilinifaa, na ya jirani nayo ilinifaa.

Dhambi? Mchungaji atakufungulia Kumbukumbu la Torati 18, penye mtu "atazamaye bao", na mimi sitabishana naye. Mimi kesho yangu siiulizi karatasi, naiombea. Shangazi yako alitaka nizichome. Nikamwambia, zichomwe na za babu zetu pia? Bado hajanijibu, lakini akija huwa nazificha, ndiyo maana ulizikuta chini ya vitambaa. Kama roho yako haitulii, usizishike. Hutapungukiwa na kitu.

Kwa hiyo siwezi kukuambia kama biashara itasimama. Nina maswali tu. Umeshatoa notisi kwa maandishi au umesema kwa mdomo? Una kodi ya miezi mingapi mkononi? Cherehani ya pili umenunua au umeahidiwa? Na lingine, hili nijibu bila haraka: ile karata ilipogeuzwa, kabla mwenzako hajafungua mdomo, kitu cha kwanza kukupitia kichwani kilikuwa nini? Ile biashara kweli, au yule kijana ambaye siku hizi humtaji?

Mkungu wa mshare umekatwa jana, hautakungoja mpaka mwezi wa sita. Nitumie ujumbe ukishapanda basi, nimtume mtu stendi na mwavuli.

Mama yako