Kipimo cha CRP na hofu ya usonji

Dada yangu wa Likoni, umeuliza kama CRP iliyopanda ulipougua malaria ukiwa na mimba ya miezi minne ina maana kwamba mwanao atakuwa na usonji. La, hasha. CRP ni protini inayotengenezwa na ini mwili unapopambana na maambukizi. Ajabu ingekuwa isipande. Ni kweli kwamba uchunguzi wa Ufini wa mwaka 2013 ulihusisha viwango vya CRP vya akina mama waliokuwa katika moja ya tano ya juu na ongezeko la hatari ya usonji la asilimia 43, lakini hilo ni ongezeko juu ya hatari ndogo, na uchunguzi wa California wa mwaka 2016 haukuliona. Karatasi ya majibu ya kipimo uliyoikunja mkobani haibashiri usonji. Maliza dawa, lala ndani ya chandarua, na homa ikirejea nenda kliniki siku hiyohiyo.