Re: Kufuatilia mtumbwi ziwani kwa redio, bila mtandao wa simu (uzoefu wangu Kigoma)

Mkuu umeuliza kama unaweza kufunga APRS (mfumo wa kutuma mahali ulipo, vipimo na meseji kwa redio) kwenye mtumbwi wa dagaa wa mjomba wako ili usiku uone yuko wapi na betri ya taa imebaki kiasi gani, maana ukitoka Kibirizi ukaingia ndani simu inakata. Kiufundi inawezekana. Ila kwa mtumbwi wa biashara hapana, hizi ni redio za ridhaa (amateur, siyo za biashara), leseni ya TCRA unapewa ujifunze na kujaribu mambo, siyo ulinde mali. Kama una kolisaini yako (jina la redioni, la Tanzania linaanza na 5H) na unaenda ziwani kwa mambo yako basi soma hapa.

Mimi nipo Gungu. Nilianza kwa kufuata maelezo ya mtandaoni nikaweka masafa ya 144.390 MHz, wiki nzima kimya, kumbe hayo ni ya Marekani, huku tunatumia 144.800 kama Ulaya. Nikabadilisha, bado kimya. Ndo nikaelewa kwamba wenzetu huko wana vituo vya kurudia pakiti (ujumbe mfupi wa data) vilimani, wewe unarusha tu wengine wanakubebea. Huku ukiandika WIDE1-1,WIDE2-1 (yaani unaomba vituo vikurudie) nani akubebee? Unapiga honi porini unasubiri abiria.

Kwa hiyo anza na kupokea. Nilichukua laptop iliyokufa kioo, nikaweka Direwolf (programu ya bure inayosoma pakiti kutoka kwenye sauti ya redio), waya wa sauti kutoka kwenye redio, antena nikaipandisha kwa shemeji anayekaa mlimani. Antena ndo kila kitu. Chukua kimo chake kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 4.1, unapata kilomita. Ya mtumbwini mita 2 juu ya maji inakupa kama km 6, ya mlimani mita 100 juu ya ziwa inakupa km 41, jumla 47, na redio ni ileile ya wati 5. Ukiiacha sebuleni nyuma ya kilima hata Ujiji hufiki.

Halafu sauti. Pakiti ni milio miwili tu, 1200 na 2200 Hz, inapishana haraka. Mimi niliweka sauti ya kwenda redioni mpaka mwisho nikijua ndo itafika mbali, kwa sikio unaisikia kabisa kroooh lakini kompyuta haisomi hata moja. Nikashusha mpaka robo zikaanza kumiminika.

Ya kuchekesha ni hii, mahali panaandikwa kwa nyuzi na dakika, siyo zile desimali za kwenye simu, yaani 4.8767 inakuwa 0452.60S (nyuzi 4, dakika 52.60, S ni kusini). Mimi dakika nilipatia ila mwishoni nikaacha N (kaskazini) kama nilivyoikuta. Shemeji ananipigia, "Shem, umefika lini Sudan Kusini?" Naangalia ramani kweli bwana, nimekaa karibu na Maridi.

Kuhusu betri, telemetri (vipimo vinavyorushwa kwa redio) inatoka hivi:

T#045,210,000,000,000,000,00000000

Hiyo 045 ni namba ya ripoti, kisha vipimo vitano vya 0 hadi 255, mwishoni swichi nane za ndiyo/hapana. 210 siyo volti, unatuma ujumbe mwingine wa EQNS unaosema zidisha kwa 0.06, ndo inakuwa 12.6. Usipoutuma watu wanaona 210 wanashangaa umefunga umeme wa TANESCO mtumbwini. Yangu saa kumi alfajiri ilikuwa inashuka mpaka 190, yaani 11.4, nikajua betri imechoka kabla haijanizimikia majini.

Usirushe kila sekunde 10 tafadhali, dakika moja au mbili inatosha, mtumbwi hauna haraka hiyo. Bob Bruninga aliyeibuni hii kitu (alifariki 2022) alikuwa anasisitiza siyo ya kuangalia vidoti vya magari tu, ni ya watu kupeana taarifa, ndo maana meseji fupi nazo zinapita.

Na ukichoka kurushia shemeji peke yake jaribu masafa ya 145.825, kile kituo cha anga za juu (ISS) kikipita na redio yao ikiwa imewashwa kinarudia pakiti, una kama dakika 10 tu. Yangu ilirudi mara moja nikiwa nimesimama juu ya bati, mama mwenye nyumba akaniuliza natafuta nini huko.