Dada wa kulea mtoto: maswali yenu na majibu

Maswali ya wiki hii karibu yote yamehusu jambo moja: kumchagua binti au mama wa kukaa na watoto wakati sisi tuko kazini. Nimechagua matano.

Shikamoo shangazi. Likizo yangu ya uzazi ya siku 84 inaisha mwezi ujao, na kesho kutwa anakuja dada nimhoji. Nimuulize nini? (Mama wa mtoto wa kwanza, Tabata)

Marahaba mwanangu. Usimuulize kama anapenda watoto, maana hakuna atakayejibu hapana. Muulize mtoto wa mwisho aliyemlea alikuwa anaitwa nani, alikuwa analala saa ngapi, alikuwa anakataa chakula gani, akilia alikuwa anabembelezwa vipi. Aliyekaa na mtoto kwa moyo atakusimulia mpaka umkatishe. Aliyekuwa anamlinda tu asianguke atasema "alikuwa mzuri tu", basi.

Kisha mpe jambo linalotokea kweli. Mtoto anaharisha tangu asubuhi, wewe uko kazini na simu yako haipatikani: atafanyaje? Hapo sikiliza kwa makini. Wapo mabinti wazuri kabisa waliokulia wakiambiwa kwamba mtoto akiharisha ana meno ya plastiki ya kung'olewa, akikohoa sana akatwe kimeo, na akishikwa na degedege afukizwe moshi na asipelekwe hospitali kwa sababu sindano itamuua. Akikujibu hivyo usimfukuze. Mweleze habari ya ORS, ule unga wa kuchanganya na maji anaonyweshwa mtoto anayeharisha, mweleze kwamba maziwa hayakatizwi, mwonyeshe zahanati iko wapi na jirani gani wa kumkimbilia. Kesho yake muulize tena. Akirudia vizuri, huyo anafundishika. Anayebisha, au anayeitikia "ndiyo mama" bila kusikiliza, mwache aende, hata kama anapika vizuri kiasi gani.

Maneno yakiisha mpe mtoto. Atanawa mikono kwanza? Atamshika shingo? Baada ya mtoto kunywa, atamweka begani amcheulishe? Dada wangu wa kwanza nilimpima kwa mchicha na wali, nikaridhika. Wiki ya pili nikarudi mapema, nikamkuta mwanangu wa miezi minne amelazwa chali, chupa imeegemezwa kwenye mto, maziwa yanamtiririkia hadi sikioni. Angeweza kupaliwa palepale. Binti yule hakuwa na roho mbaya. Hakuna aliyewahi kumwonyesha, na mimi sikuwa nimemwonyesha. Kwa hiyo mlete angalau wiki mbili kabla hujarudi kazini, mfanye kila kitu pamoja. Mfundishe na maziwa utakayokamua: kwa joto la Dar yasiachwe mezani, yawekwe kwenye friji, yatumike ndani ya siku nne, na yapashwe kwa kuweka chupa ndani ya maji ya moto, si kwa kuyachemsha.

Mama mdogo kijijini anataka kunitumia binti wa miaka 13, yatima, alee watoto wangu. Anasema nitakuwa nimemsaidia. (Baba wa watatu, Morogoro)

Usimpokee kwa kazi hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na hata akifika 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumkosesha shule. Kulea watoto watatu kutwa nzima si kazi nyepesi, muulize mkeo. Kama kweli unataka kumsaidia, mlete asome, ale sahani moja na wanao. Ukishindwa, mnunulie sare na madaftari hukohuko aliko. Na yeyote anayejua mtoto anayetumikishwa apige 116, simu ni bure.

Mume wangu anataka dada apimwe virusi vya UKIMWI kabla hajaanza. Ni haki? (Msomaji, Tanga)

Si haki, na sheria hairuhusu kumlazimisha mtu kupima ili apate kazi. VVU havimwingii mtoto kwa kuogeshwa, kulishwa wala kubebwa. Mwulize badala yake kama ana kikohozi cha zaidi ya wiki mbili. Kama anacho, mpeleke akapimwe kifua kikuu; tiba yake ni bure, na mkipima, pimeni nyumba nzima.

Nimepata wawili. Mmoja ana uzoefu wa miaka kumi, lakini bosi wake wa zamani aliniambia "watoto walikuwa wanamwogopa". Mwingine ana miaka 20, amelea wadogo zake tu. (Mama pacha, Mbeya)

Chukua wa pili. Bosi wa zamani huwa hapendi kumharibia mtu riziki, kwa hiyo akithubutu kusema neno kama hilo, jua amelipunguza. Kuogesha pacha kunafundishika kwa wiki moja, lakini mkono uliozoea kupiga hutaweza kuurekebisha ukiwa ofisini. Huyo wa miaka 20 mwombe kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, kisha zungumza mwenyewe na mzazi wake. Nao wana haki ya kujua mtoto wao anakwenda kuishi na nani.

Dada niliyempenda anataka Jumapili awe huru, na mshahara apewe yeye, si kutumiwa mama yake. Wa zamani hawakuwa na masharti haya. (Mama Ilala)

Wa zamani walikuwa nayo moyoni, mwanangu, wakaondoka usiku bila kuaga. Mapumziko ya saa 24 kila wiki yamo katika sheria hiyohiyo ya 2004, pamoja na likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo. Mshahara ni wake. Akitaka kumtumia mama yake atatuma mwenyewe. Mimi anayejua kudai siku yake ya kupumzika namwamini zaidi, maana akichoka atasema, hatamalizia hasira kwa mtoto. Andikeni leo jioni: kazi zake, saa za kuanza na kumaliza, kiasi cha mshahara, tarehe ya kulipwa, Jumapili yake, na nani analipa nauli ya kwenda kwao. Msomee kwa sauti, ajibu kama ameelewa, mtie saini nakala mbili. Moja akae nayo yeye.